Kati ya Kauma na Dzaleka: Uma wa Baiskeli na Usalama wa Nyumba

Mji wa Lilongwe umekuwa makao makuu ya Malawi tangu mwaka 1975, ulipochukua nafasi ya Zomba. Ni mji uliojengwa kwa kutawanyika. Sehemu zake nyingi hujulikana kwa namba tu: Eneo la 2, Eneo la 18, Eneo la 25, na kuendelea. Baina ya eneo moja na jingine huwa pana nafasi kubwa ya miti, majani na mabonde ya mito. Mwenye gari hauoni umbali huo, lakini asiye na gari huulipa kwa jasho.

Upande wa mashariki, mbali na majumba ya serikali, uko mtaa wa Kauma. Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, wenye nyumba za matofali ya kuchoma na mapaa ya bati, na vijia vya udongo vinavyopita baina ya nyumba na mashamba ya mahindi. Jina la Kauma hutajwa pia kwa ajili ya mabwawa ya kusafishia maji machafu ya jiji yaliyoko huko. Mvua za Novemba hadi Aprili huchimba mifereji katika njia zake. Kiangazi kinapofika, mifereji hiyo hukauka na kuwa migumu kama saruji, na gurudumu linaloingia humo hutoka kwa kishindo.

Katika njia za namna hiyo baiskeli ndiyo mtumishi wa kwanza wa nyumba. Wamalawi huiita njinga. Mkongomani wa upande wa Lubumbashi huiita kinga, na Mrundi huiita ikinga. Kwa hiyo watu hawa wanapokutana kwa fundi hawahitaji mkalimani wa kuwaeleza wamefuata nini. Njinga hubeba mahindi kwenda kinu, magunia ya mkaa kuja mjini, ndoo za maji, mabati, na watoto wawili nyuma ya baba yao. Ipo pia njinga ya abiria, iitwayo kabaza. Hiyo huwa na kiti cha sponji juu ya keria na vyuma vya kukanyagia miguu, na hufanya kazi ileile iliyofanywa na bodaboda za kwanza katika mpaka wa Kenya na Uganda kabla pikipiki hazijalinyakua jina hilo.

Makala haya yanahusu sehemu moja tu ya njinga hiyo, nayo ni uma wa mbele, ambao mafundi wengi huuita foki. Ni sehemu ambayo wengi hawaitazami mpaka siku inapovunjika, na siku hiyo huwa wamechelewa.

BARABARA YA KASKAZINI

Anayetoka Kauma kwenda Dzaleka hutafuta kwanza barabara kuu ya M1 inayoelekea kaskazini. Hupita Kanengo, penye viwanda na mnada wa tumbaku, zao ambalo limekuwa mhimili wa fedha za kigeni za Malawi kwa miaka mingi. Hupita Lumbadzi, karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa. Baadaye huiacha M1 na kushika njia ya Dowa, ambako nchi huanza kuinuka na vilima kuonekana. Safari nzima ni ya kilomita zaidi ya 40. Juu ya lami adui ni magari makubwa yanayomsukuma mwenye baiskeli pembezoni, ambako lami imemegeka na kuacha ukingo mkali. Nje ya lami adui ni mawe, mchanga na mashimo.

Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi. Tangu miaka ya 1960, katika utawala wa Dakta Hastings Kamuzu Banda, watu waliopingana na serikali walifungwa huko. Jina lenyewe huelezwa kuwa latokana na neno la Kichewa la kuacha, kana kwamba mfungwa anaapa kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994, mwaka ule ule utawala wa Banda ulipokwisha, mahali hapo palifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Kambi ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya 50,000, walio wengi wakiwa wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengine Burundi na Rwanda.

Kwa sababu hiyo Kiswahili husikika Dzaleka kuanzia sokoni hadi kisimani. Wengi wa wakazi wake walikimbia vita vya Kivu, vita ambavyo familia nyingi za askari wa Afrika Mashariki na Kusini zinavijua kwa jina la mahali na kwa tarehe ya barua. Mwaka 2013 askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini waliwekwa pamoja katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa Kivu Kaskazini. Aliyetumikia huko ameona jinsi watu wa Goma wanavyosukuma chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kilichosheheni viazi na mkaa. Mtu aliyeizoea chukudu akifika Dzaleka hahitaji kufundishwa thamani ya magurudumu mawili.

Hata hivyo mkimbizi hasafiri atakavyo. Malawi ilipouridhia Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti yake, yakiwemo yanayohusu uhuru wa kutembea na kazi. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka. Kutoka kambini kwahitaji kibali, na kibali kina siku zake. Basi mwenye ruhusa ya kwenda Lilongwe hana nafasi ya kulala njiani kwa sababu baiskeli imemharibikia. Ni lazima chombo chake kiende na kirudi.

BAISKELI ZA MITUMBA NA SPRINGI ZAKE

Kwa miongo mingi baiskeli iliyotawala njia za Malawi, kama ilivyokuwa Tanzania na Kenya, ilikuwa ile nyeusi nzito ya umbo la Kiingereza: Humber, Raleigh, na baadaye zile za India na China zilizofuata umbo hilo. Uma wake ulikuwa wa chuma kitupu, uliopinda kidogo mbele, usio na springi yoyote. Baiskeli hizo zingali zipo. Pamoja nazo ipo Buffalo, iliyobuniwa kwa ajili ya vijiji vya Afrika. Ina uzito wa kilo 20 na ushei, na keria inayokusudiwa kubeba kilo 100. Waliobuni Buffalo walikuwa na uhuru wa kuchagua uma wowote. Walichagua uma wa chuma usio na springi.

Kando ya hizo zimekuja baiskeli za mlimani za mitumba, zenye gia nyingi, matairi manene na uma wa mbele wenye springi. Baiskeli ya mlimani ilianza Marekani katika miaka ya 1970, vijana wa California walipokuwa wakishuka vilima kwa mashindano. Uma wa springi ulifuata: RockShox ya kwanza iliuzwa mwaka 1989, na kwa muda wa miaka michache kila mwenye kushindana aliitaka. Viwanda vya baiskeli za bei nafuu vikaona kwamba springi inauza. Vikaanza kutia uma wa mfano huo hata katika baiskeli za kwendea dukani. Kwa nje ulifanana na ule wa mashindano, lakini ndani ulikuwa na springi ya chuma, vipande vya plastiki, na mara nyingi hakuna mafuta ya kutuliza mrusho.

Uma wa aina hiyo, baada ya kutumika Ulaya au Asia kwa miaka kadhaa na kupumzika ndani ya ghala, ndio unaofika Lilongwe. Mvua ya kwanza huingiza tope katika mabomba yanayoteleza. Mpira wa kuzuia vumbi hupasuka, kutu huuma chuma, plastiki ya ndani hulika. Baada ya msimu mmoja au miwili uma huwa na mojawapo ya maradhi mawili: ama umekwama usiinuke wala kushuka, ama umelegea hata gurudumu linacheza kushoto na kulia. Hapo ndipo mwenye baiskeli husimama mbele ya fundi, chini ya mwembe, na kuulizwa, "Sasa, bwana, tutie uma gani?"

NJIA TATU MBELE YA MNUNUZI

Njia ya kwanza ni kuutengeneza uma uliopo. Kwa uma wa mashindano njia hii ni ya busara, maana sehemu zake hufunguka na vipuri vyake hutengenezwa. Kwa uma wa bei nafuu ni vigumu, kwa kuwa nyingi hazikuundwa ili zifunguliwe. Kama umekwama tu na mabomba hayajaliwa na kutu, fundi aweza kuufungua, kuusafisha na kuupaka grisi, ukafanya kazi kwa muda. Kama mabomba yamelika au gurudumu linacheza, grisi haitarudisha chuma kilichokwisha.

Njia ya pili ni kununua uma mwingine wa springi, ambao kwa kawaida nao ni wa mitumba. Huyu mnunuzi hununua asichokijua. Springi za bei nafuu hukadiriwa kwa mtu mmoja wa uzito wa kawaida, yaani kilo 70 hadi 80, wala si kwa mtu na gunia. Kanuni ya mafundi ni kwamba mwenye baiskeli akikaa juu yake, uma ushuke kiasi cha sehemu moja kwa nne au kwa tano ya safari yake yote. Uma wenye safari ya milimita 80, basi, ushuke milimita 16 hadi 20. Ukizidi sana hapo kabla ya safari kuanza, springi imeshindwa na mzigo, na kila shimo litagonga chuma kwa chuma.

Njia ya tatu ni kurudi kwenye uma wa chuma usio na springi. Wengi huiona kuwa ni kurudi nyuma, kwa sababu uma wa springi unaonekana wa kisasa na ule mwingine wa babu. Lakini mizani husema jambo lake. Uma wa springi wa bei nafuu huwa na uzito wa kilo 2 na zaidi. Uma mzuri wa chuma kitupu huwa karibu nusu ya hapo. Hauna kitu cha kulika, hauhitaji mafuta, na ukianza kuharibika mara nyingi hujipinda kabla ya kukatika, hivyo huonya. Kwa mtu anayebeba abiria au magunia kutoka Kauma, au anayekwenda Dzaleka na kurudi kwa siku moja, njia hii ya tatu ndiyo bora katika hali nyingi.

Sababu ni ya kimaumbile. Mzigo juu ya keria hukaa nyuma, na baiskeli inapokwenda sawasawa uma wa mbele hubeba sehemu ndogo tu. Lakini mwendeshaji anaposhika breki katika mteremko, uzito wote hujitupa mbele. Uma wenye springi dhaifu hudidimia ghafla, usukani hushuka, na abiria aliye nyuma humlalia mwendeshaji mgongoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Ila uma wa baiskeli haudanganyiki, huupima mzigo kama ulivyo.

Historia ya majeshi inatoa ushahidi wake. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu, Wavietnam walisafirisha chakula na risasi milimani kwa maelfu ya baiskeli. Waliimarisha fremu na uma, wakafunga mti kwenye usukani, wakazisukuma zikiwa na mizigo ya zaidi ya kilo 200 kila moja. Baiskeli hizo hazikuwa na springi. Zilikuwa na chuma kilichokazwa, matairi yaliyotunzwa, na watu waliojua mzigo wao.

Je, raha ya mwili ipotee kabisa? Hapana. Springi ya kwanza ya baiskeli ni tairi. Kama fremu na uma vina nafasi, tairi la upana wa inchi 2 au zaidi, lisilojazwa upepo hadi likawa kama jiwe, hupunguza mishtuko ya njia ya udongo kuliko springi iliyokwama. Kwa anayeendesha peke yake bila mzigo, katika vilima vya Dowa au katika msitu wa Viphya ambako hufanyika mashindano ya baiskeli za mlimani ya Luwawa, uma mzuri wa springi una manufaa ya kweli: hushikisha gurudumu ardhini na kupumzisha mikono. Kwa hiyo swali si kipi ni cha kisasa. Swali ni njia ipi, na mzigo upi.

VIPIMO VISIVYOKUBALI KUBEMBELEZWA

Akishaamua aina, mnunuzi hukutana na vipimo. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu aina nyingi za uma hufanana kwa macho na hutofautiana kwa milimita. Afadhali mtu aende sokoni na uma wake wa zamani mkononi, pamoja na utepe wa kupimia.

Kipimo cha kwanza ni gurudumu. Baiskeli za mlimani za zamani huwa na gurudumu la inchi 26, ambalo rimu yake hupimwa milimita 559 mahali tairi linapokalia. Mpya huwa na milimita 584 au 622. Baiskeli nyeusi ya Kiingereza ya inchi 28 ina milimita 635. Uma wa gurudumu dogo hauwezi kupokea gurudumu kubwa. Uma wa gurudumu kubwa ukipewa dogo, breki za rimu hazitaifikia rimu.

Kipimo cha pili ni unene wa shina la uma, yaani bomba linaloingia katika shingo ya fremu. Baiskeli nyingi za mlimani za miaka ya 1990 na baada yake zina shina la milimita 28.6. Za zamani zaidi, pamoja na baiskeli nyeusi, zina milimita 25.4. Baadhi ya baiskeli mpya zina shina linalonenepa kwenda chini hadi milimita 38.1. Shina nene halitaingia katika shingo nyembamba. Jembamba likiingizwa katika shingo pana kwa vipande vya bati, usukani hautakaa imara hata siku moja.

Kipimo cha tatu ni hesi. Shina jingine lina hesi kwa juu na hukazwa kwa nati. Jingine ni laini, na usukani hulikumbatia kwa nje. Aina hizo mbili hazichanganywi bila kubadilisha vikombe vya gololi na kishikio cha usukani. Raleigh za zamani zilizotengenezwa Uingereza zina mtego wao: hesi zake ni 26 kwa kila inchi, ilhali nyingi za unene uleule ni 24. Nati ya aina moja ikilazimishwa juu ya nyingine huonekana imekaza, kumbe imezikata hesi.

Kipimo cha nne ni urefu wa shina. Shina refu hukatwa. Shina fupi halirefushwi, na anayejitolea kulirefusha kwa kuchomelea kipande aambiwe asante, na baiskeli iondolewe hapo.

Kipimo cha tano ndicho kinachosahauliwa na wengi: urefu wa uma kutoka bega lake, pale shina linapoanzia, hadi penye ekseli. Uma wa springi wenye safari ya milimita 80 kwa gurudumu la inchi 26 huwa karibu milimita 450. Uma wa chuma wa baiskeli za mlimani za mwanzo huwa karibu milimita 400. Kila tofauti ya milimita 20 huibadilisha pembe ya shingo kwa karibu digrii 1. Uma mfupi mno hufanya usukani uwe mwepesi wa kuyumba, na pedali zikaribie ardhi. Uma mrefu mno hufanya baiskeli iwe nzito kupinda, na huitesa shingo ya fremu. Anayeondoa springi na kutia chuma kitupu achukue urefu wa uma wa zamani, apunguze kile kiasi ulichokuwa ukishuka chini ya uzito wake, na atafute uma wa urefu unaobaki. Kwa mfano wetu, 450 kutoa 20 ni 430.

Mwisho ni breki na ekseli. Uma wenye vijiti vya breki za rimu haupokei breki ya sahani kama hauna mahali pake palipotengenezwa kiwandani. Nafasi ya gurudumu la mbele katika baiskeli za mlimani za kawaida ni milimita 100. Katika baiskeli nyeusi hupungua hapo. Kuutanua uma kwa nguvu ili ekseli iingie ni kuuanzishia ufa.

JICHO LA MNUNUZI

Uma wa mitumba hukaguliwa kama anavyokaguliwa ng'ombe mnadani, bila haya. Kwanza utazamwe kwa ubavu: miguu yote miwili ilingane, usiwepo mguu uliotangulia. Uma uliogonga ukuta au gari hurudi nyuma kidogo, na rangi hukunjamana au kupasuka chini ya bega. Pili, sehemu ya bega ipanguswe kwa kitambaa na itazamwe juani, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Tatu, alama za kuchomelea ambazo hazikufanywa kiwandani ziwe sababu ya kuondoka. Nne, kama ni wa springi, mabomba yawe laini bila vishimo vya kutu, na uma ukisukumwa chini urudi juu bila kukwaruza.

Uma wa chuma uliopinda kidogo fundi hodari aweza kuunyoosha, ingawa ni afadhali kuutupa. Uma wa alumini uliopinda haunyooshwi kamwe. Chuma hiki cheupe hakisamehe; hukubali kunyooka leo, kikakatika kesho bila onyo.

Baada ya kufungwa, jaribio ni rahisi. Mwenye baiskeli ashike breki ya mbele, aisukume baiskeli mbele na nyuma. Akisikia mgongano wa chuma shingoni, gololi hazikukazwa. Kisha ainue gurudumu la mbele na kuuzungusha usukani. Ukigoma au ukikwaruza, zimekazwa mno. Jaribio hilo lirudiwe baada ya siku chache, kwa sababu vikombe vipya hujikalisha. Safari ya kwanza iwe ya mtu mmoja bila mzigo, karibu na nyumbani.

HESABU YA NYUMBA

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni ya mwenye fedha. Hali ya Malawi haifichiki. Mwezi Mei 2022 thamani ya kwacha ilishushwa kwa asilimia 25, na Novemba 2023 kwa asilimia 44. Kila kipuri kinachotoka ng'ambo kilipanda bei. Foleni za petroli za miaka hiyo ziliwarudisha wengi kwenye baiskeli, na hitaji la vipuri likaongezeka wakati mfuko ukipungua. Huko Dzaleka mgao wa chakula umepunguzwa mara kwa mara, na familia inayopata senti kwa kubeba mizigo haina akiba ya kununua mara mbili.

Lakini ni hiyo familia hasa inayopaswa kuchagua vizuri mara ya kwanza. Mnyororo ukikatika mwendeshaji hushuka na kusukuma. Tairi likipasuka, huziba. Uma ukivunjika hakuna kushuka. Gurudumu la mbele hutoka chini yake, uso hufika ardhini kabla ya mikono, na aliyekaa nyuma humwangukia. Katika vijiji vya Malawi baiskeli zimetumika hata kuwapeleka wagonjwa na wajawazito zahanati. Anayeitwa usiku kwa kazi hiyo hapati muda wa kuukagua uma wake. Ama aliukagua mapema, ama hakuukagua.

Basi mama wa nyumba anayeshika fedha, na baba anayeshika usukani, waketi pamoja kabla ya kwenda sokoni. Waulizane maswali matatu. Baiskeli hii hubeba nini kila siku? Hupita njia gani? Akiumia anayeiendesha, nani atalisha watoto? Wakijibu kwa ukweli, wengi wataona kwamba uma wanaouhitaji si ule unaong'aa katika meza ya mwuza mitumba. Ni ule wa chuma kitupu, wenye kipimo sahihi, usio na ufa, uliofungwa na fundi anayepima kabla ya kukata.

Ushauri huu haukomei Lilongwe. Askari anayekwenda zamu kwa baiskeli, mke wake anayepeleka mboga sokoni, na mtoto anayeiazima kwenda shule, wote hutegemea bomba lile lile la chuma shingoni mwa baiskeli. Likaguliwe kila mwisho wa mwezi, mchana, kwa kitambaa na jicho lisilo na haraka. Kazi hiyo haichukui robo saa, wala haihitaji fedha.